Kibla cha msikiti Ujiji: huyu al-Biruni anayetajwa ni nani?

fundi_ujiji

Wakuu, asalaam alaykum, na wasio Waislamu habari za jioni.

Mimi ni fundi mwashi hapa Ujiji. Tumepewa kazi ya msikiti mdogo kwenye kiwanja cha wakfu. Mchanga umeshamwagwa, mawe yapo, nondo zimeletwa, na msingi haujachimbwa kwa sababu ya kibla. Wazee wanataka tufuate msikiti wa zamani wa mtaa wa pili, ambao mihrabu yake inatazama kaskazini karibu moja kwa moja. Vijana wametoa simu, na simu zinavuta kulia, upande wa mashariki. Kibaya zaidi, simu zenyewe hazikubaliani. Moja ukiisogeza hatua tano inabadili kauli.

Ustadhi wetu wa madrasa akasema tunagombana bure, jambo hili alishalimaliza mtu anaitwa al-Biruni miaka elfu iliyopita, bila simu. Nikamuuliza alilimalizaje, akacheka akasema nitafute mwenyewe.

Basi natafuta. Huyu bwana alikuwa nani? Ni sheikh, au mtu wa nyota? Na alijuaje Makka iko wapi wakati hayuko Makka? Naomba maelezo ya kueleweka na mtu wa mwiko na timazi.

---

mpimaji_mstaafu_tbr

Mwangaluka, fundi. Nakuandikia kutoka Tabora. Nimefanya upimaji wa ardhi maisha yangu yote ya kazi, na Biruni ndiye mtu wa zamani ninayemwona kama bosi wangu, kwa hiyo vumilia urefu.

Kwanza simu zako. Dira ya simu inafuata sumaku, na wewe umesimama katikati ya nondo. Weka simu hiyo karibu na pikipiki au bati uone itakavyokuambia. Kwa hiyo simu inayobadili kauli usiilaumu sana, lipo linaloivuta.

Sasa mtu wetu. Abu Rayhan al-Biruni alizaliwa mwaka 973 pembeni ya mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, ambayo leo iko Uzbekistan. Alilelewa kielimu na Abu Nasr Mansur, mwanahesabu wa ukoo wa watawala wa pale. Akiwa kijana wa miaka 17 tu alishapima jua la adhuhuri akapata Kath iko umbali gani kutoka ikweta. Alipofika miaka 22 akatengeneza duara kubwa la kupimia, upana wake dhiraa 15 (dhiraa ni kiwiko mpaka ncha za vidole), akaanza kazi katika kijiji kimoja jirani na mji. Hapo hapo vita vikazuka. Mtawala wa Kath akauawa, na Biruni akajificha, kisha akakimbia nchi. Akaangukia Rayy, karibu na Tehran ya leo, hana kitu. Anasimulia mwenyewe kwamba mnajimu mmoja wa huko alimdharau katika mjadala kwa sababu ya ufukara wake. Baadaye hali yake ilipotengemaa, mnajimu yule yule akawa mpole. Nimekaa ofisini miaka mingi, watu wa namna hiyo nawafahamu kwa sura.

Umeuliza kama ni sheikh. Dini aliijua, lakini kazi yake ilikuwa kupima: nyota, ardhi, tarehe, hata uzito wa madini na vito. Hesabu yake na dini vinakutana hapo hapo ulipokwama wewe. Kibla ni swali la upimaji. Ukijua uko wapi na Makka iko wapi, mwelekeo unatoka kwa hesabu. Usipojua uko wapi, utabaki kubishana na wazee.

Kujua uko wapi kuna vipande viwili.

Cha kwanza ni umbali wako kutoka ikweta. Hiki ni chepesi. Unapima jua limepanda kiasi gani saa ya adhuhuri ya pale ulipo, unatoa mwinamo wa jua wa siku hiyo, yaani jua liko kaskazini au kusini ya ikweta kiasi gani, ambao upo kwenye majedwali. Mwaka 1018, akiwa kijijini karibu na Kabul, Biruni alikuwa hana chombo hata kimoja. Alichukua ubao wa kufanyia hesabu, akaugeuza nyuma, akachora robo ya duara na kugawa nyuzi, akaning'iniza timazi, akapima. Umesikia, fundi? Timazi. Vifaa hivyo unavyo kwenye ndoo yako.

Cha pili ndicho kigumu: uko mashariki au magharibi kiasi gani. Hapa jua peke yake halikusaidii, kwa sababu kila mji una adhuhuri yake. Watu wa Kigoma mnalijua hili kuliko mtu yeyote Tanzania, kila Ramadhani. Redio ya Dar es Salaam inaadhini magharibi, watu wa Dar wanakunywa uji, ninyi jua bado liko juu ya ziwa na mnasubiri kama dakika 40 nyingine. Sisi Tabora tunasubiri kama dakika 26. Saa ya ukutani ni moja kwa nchi nzima, lakini jua linafuata mji. Kila nyuzi moja ya kwenda magharibi ni dakika nne. Ukipata tofauti ya saa ya jua kati ya miji miwili, umepata umbali wake wa mashariki na magharibi.

Tatizo ni kwamba zamani hakukuwa na redio. Utajuaje saa ya mji mwingine kwa wakati ule ule? Wakatumia kupatwa kwa mwezi, kwa sababu kivuli kinapoanza kuuvaa mwezi, wote wanaouona wanauona wakati mmoja. Tarehe 24 Mei 997 Biruni alikuwa amesharudi Kath, na Abu al-Wafa, mwanahesabu mkubwa wa wakati ule, alikuwa Baghdad. Walikuwa wamepatana kabla. Kila mmoja akaandika saa ya mji wake kivuli kilipoingia, kisha wakalinganisha. Tofauti ilikuwa kama saa moja, yaani kama nyuzi 15. Ramani za leo zinaweka kati ya miji hiyo nyuzi 16 na kidogo. Kijana wa miaka 23 na mzee wa Baghdad, na katikati yao ni safari ya ngamia ya majuma mengi. Mimi nimefanya kazi na watu tuliopishana ofisi kwa ukuta mmoja na tukashindwa kupatana saa ya kuondoka kwenda saiti.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, akawachukua wasomi wake kama mtu anavyobeba samani. Biruni na mwalimu wake Abu Nasr wakapelekwa Ghazna, Afghanistan ya leo. Alikaa chini ya wafalme wa Ghazna mpaka mwisho wa maisha yake, miaka thelathini hivi. Ni huko, mwaka 1025, alipomaliza kitabu chake cha kupata mahali pa miji, kinachoitwa kwa ufupi Tahdid, na shabaha yake kubwa ilikuwa jambo lako hili: kibla cha Ghazna. Hakutegemea njia moja. Alipita mji kwa mji kutoka Baghdad kuja mashariki, akipima na kukokotoa kwa njia tofauti, kisha akalinganisha majibu, na pale ambapo kipimo cha mwenzake alikitilia shaka alisema hivyo wazi na sababu yake. Kwa kibla chenyewe alionyesha njia zaidi ya moja ya hesabu. Kwetu wapimaji huo ndio uungwana.

Sasa nikupe namba zako, nimezikokotoa mwenyewe jioni hii. Kibla cha Ujiji kiko nyuzi 20 kutoka kaskazini ya kweli kuelekea mashariki. Cha Tabora ni nyuzi 14. Cha Dar es Salaam ni nyuzi moja tu, yaani kaskazini hasa. Ukimchukua mtu wa pwani aliyezoea kuswali akitazama kaskazini, ukamleta Ujiji na misafara ya zamani, ataweka mihrabu wapi? Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa msikiti wenu, simjui aliyeujenga. Ila namba zinaelekea huko.

Kwa mwashi: ukishapata kaskazini ya kweli, vuta kamba mita 10 kwenda kaskazini, kisha kunja pembemraba kulia mita 3 na sentimita 70. Kamba kutoka ulipoanzia mpaka hapo ndiyo kibla.

---

kijana_wa_kibirizi

Mzee shikamoo. Nimesoma yote. Mimi nasikia huyu Biruni ndiye aliyepima dunia nzima kwa mlima mmoja akakosea kilomita chache tu. Kuna video inasema alipata kilomita 6,339. Sisi tuna milima na tuna ziwa, tunashindwa nini?

---

mpimaji_mstaafu_tbr

Marahaba, mwanangu. Kisa cha mlima ni cha kweli, hiyo ya "kilomita chache" iweke pembeni kwanza.

Njia ya kabla yake, iliyofanywa na wapimaji wa Khalifa al-Ma'mun karne ya 9, ilikuwa kutembea jangwani kufuata kaskazini mpaka nyota ipande kwa nyuzi moja, huku unapima ardhi kwa kamba. Biruni alitaka kuirudia kwenye nyanda za kaskazini ya Gurgan, akakosa wasaidizi na mfadhili. Kazi ikafa. (Hapo nilitabasamu. Miaka elfu, na sababu ya kazi ya upimaji kusimama ni ile ile.) Baadaye alipofika ngome ya Nandana, Punjab, Pakistan ya leo, akaona mlima umesimama juu ya tambarare pana. Akapima urefu wa mlima kwa pembe kutoka chini: dhiraa 652 na kidogo. Akapanda juu, akapima upeo wa macho umeshuka kiasi gani chini ya usawa. Akapata dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu ya nyuzi moja. Kwa urefu huo na mshuko huo tu, hesabu ya pembetatu inakupa nusu kipenyo cha dunia. Huna haja ya kutembea jangwani.

Jibu alilipata kwa dhiraa. Kuligeuza liwe kilomita lazima uchague dhiraa ya urefu gani, na dhiraa zilikuwa nyingi. Ukichagua vizuri unapata namba ya kupendeza kwenye video. Isitoshe, hewa inapinda mwanga unaotoka kwenye upeo, na kupinda huko kunaweza kula dakika kadhaa katika zile 34. Ukikosea dakika moja tu katika 34, jibu linayumba kwa asilimia kama sita. Mwenyewe aliona jibu lake linakaribiana na la watu wa al-Ma'mun, na akalipokea kwa namna hiyo, kama uthibitisho. Ubora uko kwenye njia. Kumsifu kwa usahihi ambao hakudai ni kumvunjia heshima.

Kuhusu ziwa letu. Ukipanda kilima cha juu sana, upeo unaoutafuta unazibwa, kwa sababu unaona mpaka ufuko wa Kongo, kilomita kama 50. Lakini ukikaa chini ya mita 190 hivi juu ya maji, mstari wa maji unakuja mbele ya ufuko ule na unaweza kuupima. Mshuko utakuwa mdogo, kwa hiyo chombo kiwe kizuri. Lakini hata bila chombo, simama mwaloni asubuhi hewa ikiwa safi, tazama milima ya Kongo. Unayoiona ni sehemu ya juu. Zaidi ya mita 100 za chini zimezama nyuma ya mgongo wa maji.

---

kijana_wa_kibirizi

Hii ya mwisho wavuvi tunaijua bila kuiita hesabu. Usiku ukiwa ndani na mtumbwi, taa za wenzako wa dagaa zinazima moja moja kadiri mnavyoachana, na hawajazizima. Ukisimama kwenye ukingo unaziona tena. Sikuwahi kuwaza kwamba ndiyo dunia yenyewe.

---

bi_mwalimu_kgm

Niongeze kitu ambacho mzee amekiruka. Mwaka 1029 Biruni aliandika kitabu cha kufundishia hesabu, jiometri, nyota na unajimu, kwa mtindo wa swali na jibu, zaidi ya maswali 500. Alikiandika kwa ajili ya mwanamke wa Khwarazm, Rayhana binti al-Hasan, aliyeomba kufundishwa. Kinaanzia nukta ni nini, mstari ni nini, kinapanda taratibu. Nina wanafunzi wa kike kidato cha tatu wanaoambiwa nyumbani kwamba hesabu si yao. Huwa nawataja Rayhana.

Na mwaka 1030 akatoa kitabu kikubwa kuhusu India. Sultani aliyemchukua alikuwa anaivamia India mara kwa mara. Yeye akakaa na wasomi wa Kihindu, akajifunza Kisanskriti ukubwani, akaandika wanavyoamini na wanavyohesabu kwa maneno yao bila kuwatukana. Na akaandika waziwazi kwamba mashambulizi ya Mahmud yaliiharibu neema ya nchi ile. Mahmud alikufa mwaka huo wa 1030, huenda ndiyo maana kalamu ilikuwa nyepesi. Hiyo ni dhana yangu.

Fundi, wasalimie wazee wenu. Ila wakubali vipimo.

---

ustadhi_mwanga

Mimi siye yule ustadhi aliyemcheka fundi, nasema mapema.

Wazee waliojenga na kuswali msikiti wa zamani hawana deni. Walijitahidi kwa walichokijua, na wanazuoni wengi wanasema aliye mbali na Kaaba anatakiwa kuelekea upande wake. Asije kijana akawaambia watu swala zao za miaka yote ni bure. Lakini jengo jipya, na elimu ipo, liwekwe sawasawa. Wazee wenyewe ukiwaeleza hivi, kwa kuanza na heshima, watalainika.

Pia kuna njia nyepesi kuliko zote hizi. Mara mbili kwa mwaka jua hupita juu ya Makka kabisa, utosini. Wakati huo kila anayeliona jua, analitazama kwa upande wa kibla. Mzee mpimaji, hiyo nayo ni ya Biruni?

---

mpimaji_mstaafu_tbr

Ahsante ustadhi, maneno yako kuhusu wazee nimeyapenda. Hapana, hiyo imeelezwa na Nasir al-Din al-Tusi, karne ya 13. Na kwetu ina bahati ya ziada: saa ya Tanzania na ya Makka ni moja, hakuna cha kujumlisha wala kutoa. Kila mwaka huwa ni tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27. Siku moja kabla au baada haiharibu kitu.

Kwako fundi, huo ni msimu wa kiangazi, mawingu machache. Simamisha mti wa mita mbili, unyooshe kwa timazi. Ikifika saa hiyo weka alama kwenye ncha ya kivuli. Kivuli kitakuwa na urefu wa mita moja na sentimita saba hivi, kikilala kusini na magharibi kidogo. Vuta kamba kutoka ncha ya kivuli kupita shina la mti na uendelee mbele. Hiyo kamba ndiyo kibla, na inatakiwa ikubaliane na ile ya mita 10 kwa 3 na 70. Zisipokubaliana, usichimbe, niandikie.

Kaskazini ya kweli, kwa kamba ile nyingine, usiitoe kwenye dira. Chora duara chini, simamisha kijiti katikati. Asubuhi weka alama pale ncha ya kivuli inapoingia ndani ya duara, alasiri pale inapotoka. Unganisha alama mbili, hiyo ni mashariki na magharibi. Pembemraba yake ni kaskazini. Biruni na wenzake waliitumia, na mimi nimeitumia porini siku ambayo chombo cha ofisi kilikufa betri.

---

fundi_ujiji

Shukrani sana wazee wangu, na bi mwalimu. Ule ubao wenye timazi umeniingia kuliko yote. Leo asubuhi nimechora duara lako kiwanjani, watoto wa madrasa wamekaa kulilinda lisikanyagwe na mbuzi, wazee wawili wamekuja na viti vyao kutazama. Mmoja ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Alasiri ameomba aweke alama ya pili yeye mwenyewe, nikampa kijiti.

Kamba ya kwanza imeshakaa. Ya kivuli tutaisubiri mwezi huu wa tano tarehe 28, wamekubali. Swali moja la mwisho: kwa kuwa nondo ndizo zilizovuruga simu, niziondoe kiwanjani siku hiyo?

---

mpimaji_mstaafu_tbr

Kivuli hakina habari na chuma. Ziache hapo hapo, endelea kuzifunga.